Randa ya zamani yenye mchezo: kuongeza shaba, kutafuta kipuri au kukereza upya?

Randa ya chuma ya Stanley au Record ikishapita mikononi mwa mafundi watatu wanne, mwili wake huwa bado mzima ila nati ya shaba inazunguka bure. Unaizungusha, kisu hakisogei. Unaongeza kidogo, kisu kinatoka ghafla na kuchimba ubao. Inakuwa kama usukani wa Land Rover iliyochoka: mikono inakata kona kwanza, gari linafuata baadaye. Hapa Moshi, kuanzia Majengo hadi Pasua, karakana za useremala zina randa za namna hiyo, na mara nyingi mwenyewe ameshaacha kuigusa nati. Kisu anakirekebisha kwa kukigonga na nyundo. Ukienda Ngarenaro, Arusha, utakuta hali ni hiyo hiyo.

Anayetaka kuirudisha kazini ana njia nne. Anaweza kuiacha ilivyo na kujua namna ya kuitumia na mchezo wake, yaani ule ulegevu wa nati. Anaweza kuongeza shaba kwenye uma, kile kipande kinachounganisha nati na kisu, na kuumaliza kwa tupa. Anaweza kutafuta kipuri kwenye randa nyingine iliyokufa, au kumpelekea fundi kereza, fundi wa mashine ya kuchongea vyuma, atengeneze nati na stadi mpya (stadi ni ile skrubu ambayo nati inazungukia). Msimamo wangu nautoa mapema: kwa randa nyingi kazi yote iko kwenye uma, na anayekimbilia nati mpya anatoa hela mahali ambapo tatizo halipo.

Mchezo unatoka wapi

Toa kibano, kile kifuniko chenye mkono kinachobana kila kitu, kisha nyanyua kisu pamoja na kava lake, yaani kile chuma kilichofungwa juu ya kisu kwa skrubu. Utabaki na kitanda, yaani chuma kilichoinama ambacho kisu hulalia. Katikati ya kitanda kuna uma mdogo ulioshikwa na pini. Meno yake mawili yanaingia kwenye mfereji wa nati ya shaba, na ncha yake ya juu inachomoza na kuingia kwenye tundu dogo la kava. Nati ikirudi nyuma kwenye stadi inavuta meno ya uma, ncha inasukuma kava, kisu kinashuka.

Mpangilio huo ni wa Leonard Bailey wa Boston, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1867. Kampuni ya Stanley ya New Britain, Connecticut, ilinunua haki zake mwaka 1869, na kuanzia miaka ya 1930 Record wa Sheffield, Uingereza, nao wakatoa randa za mpangilio huo huo. Kwa hiyo dawa za chapa hizi mbili zinafanana, hata kama vipuri vyake si lazima viingiliane.

Sehemu za kulika ni nne: thredi za nati na stadi, mfereji wa nati pamoja na meno ya uma, pini na tundu lake, na mwisho ncha ya uma na tundu la kava. Zipime moja moja kabla hujamwona fundi yeyote. Shika nati uitikise mbele na nyuma bila kuizungusha. Ikicheza, thredi zimelika. Halafu ishike nati isitembee, usukume ncha ya uma kwa kidole. Mwendo unaouona ni wa mfereji na pini. Ukitaka kujua pini peke yake, usukume uma kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma, huku umetazama pale pini inapoingia. Mwisho vua kava kutoka kwenye kisu, livike kwenye ncha ya uma likiwa peke yake, ulisogeze juu na chini. Hapo ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu nafasi kubwa kuliko zote iko huko.

Hesabu yake si ngumu. Stadi ya Stanley ina thredi 24 kwa inchi moja, kwa hiyo mzunguko mmoja wa nati unaisogeza kama milimita 1.06. Mfereji ukizidi unene wa jino kwa nusu milimita, umeshapoteza karibu nusu mzunguko. Lakini mkono wa juu wa uma, kutoka kwenye pini hadi nchani, ni mfupi kuliko mkono wa chini. Nafasi ile ile ikiwa nchani inakula mzunguko mwingi zaidi kuliko ikiwa kwenye mfereji. Ndiyo sababu nasema uanze juu. Fila geji ya kupimia valvu za gari inatosha kabisa kwa vipimo hivi. Kila gereji inayo, na fundi atakuazima ukimwomba vizuri.

Kuiacha ilivyo

Njia hii haina gharama na kwa wengine inatosha. Hata randa iliyotoka kiwandani leo ina mchezo kidogo, na robo hadi nusu mzunguko si ugonjwa. Cha kuzingatia ni mwisho wa marekebisho: kila mara malizia kwa kukisukuma kisu mbele, usimalizie kwa kukirudisha. Ukitaka kipunguze, kirudishe kupita kiasi unachotaka, kisha kilete mbele mpaka uhisi nati imekaza. Ukiacha nafasi nyuma, ubao unakirudisha kisu taratibu wakati unapiga, na baada ya mikupuo michache randa inateleza bila kutoa maranda.

Kabla ya kuamua kwamba mchezo ni wa kulika, safisha. Mfereji wa nati hujaa vumbi la mbao lililochanganyika na mafuta ya zamani, na thredi hushika kutu. Loweka kwenye mafuta ya taa, piga brashi, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani. Angalia na skrubu inayoshikilia kibano. Wengi huikaza mno, halafu wanaizungusha nati kwa nguvu zote, na huko ndiko thredi za shaba zinakokufa. Kibano kinatakiwa kufungwa kwa dole gumba, na nati iweze kuzunguka kibano kikiwa kimefungwa.

Kama kazi yako ni kupunguza milango iliyovimba wakati wa masika, au kupasisha mbao za paina na sepresi ambako unakula maranda manene, baki hapa. Kama unamalizia meza ya mninga au mkangazi na unataka maranda yanayopitisha mwanga, mchezo wa mzunguko mzima utakukosesha amani, na hapo ni lazima utengeneze.

Kuongeza shaba kwenye uma

Kwanza tambua uma wako ni wa aina gani. Randa za zamani zina uma wa chuma cha kumimina, kipande kimoja kinene. Za miaka ya baadaye zina uma wa bati la chuma lililokatwa kwa mashine, mabati mawili yamebanwa pamoja. Ukiutazama kwa ubavu unauona mstari wa maungio. Uma wa bati ndio wenye mchezo mkubwa kwenye mfereji, maana meno yake ni membamba tangu mwanzo.

Uma wa bati una dawa ya bure. Shika jino moja kwa koleo ulikunje kidogo sana mbele, na la pili kidogo nyuma. Moja litagusa ukuta wa mbele wa mfereji, jingine ukuta wa nyuma, na nafasi itapungua mara moja. Kunja kwa awamu, ujaribu kila mara kwenye nati. Ikianza kuzunguka kwa ugumu umepitiliza, rudisha. Dawa hii usithubutu kuijaribu kwenye uma wa kumimina. Chuma hicho hakikunjiki, kinakatika papo hapo.

Uma wa kumimina unahitaji moto, na uchaguzi wa fundi ni muhimu kuliko bei atakayokutajia. Mafundi wa mageti na magrili wako kila kona, lakini wengi wanatumia umeme na fito za kawaida. Fito hizo kwenye chuma cha kumimina huacha mahali pagumu ambapo tupa haikati, na pembeni yake panatokea ufa, leo au wiki ijayo. Unayemhitaji ni mwenye gesi na fito za shaba, na kwa kawaida utampata kwa mafundi wa rejeta. Shaba ya njano inayeyuka karibu nyuzi 900, wakati chuma cha kumimina kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,100. Shaba inatambaa juu ya chuma na kushika bila chuma chenyewe kuyeyuka.

Uma uutoe kwenye kitanda ukiwa bado nyumbani. Kitanda nacho ni cha kumimina, na kukipiga moto sehemu moja ni kukitafutia ufa. Lowesha pini kwa mafuta, kitanda kikalie ubao wenye tundu, usukume pini kwa panchi inayoenea kwenye tundu lake. Kisha piga tupa ncha na meno mpaka yang'ae, kwa sababu shaba haishiki kwenye kutu wala kwenye rangi. Kwa fundi sema wazi unachotaka: "Fundi, naomba uniwekee shaba hapa nchani pande zote mbili, na kidogo kwenye haya meno. Hapa kwenye tundu la pini usiguse." Akikuambia, "Kaka, mbona kazi ndogo hivi, niupige umeme tu dakika moja," mshukuru uondoke na uma wako.

Fundi anayejua ataupasha uma wote polepole kwanza, siyo ncha peke yake. Ukianza kuwa mwekundu hafifu anatia boraksi, boraksi inayeyuka na kutanda kama maji, halafu anagusisha fito. Tazama wakati huo: shaba ikikusanyika tone na kubaki imesimama, uma haujapata joto la kutosha au haukuwa safi. Ikilala yenyewe na kuzunguka ncha, imeshika. Baada ya hapo uma ufukiwe kwenye majivu makavu upoe taratibu. Ukichovywa kwenye maji, kazi yote imeharibika.

Kazi nzuri ya kweli ni ya tupa, na hiyo ifanye mwenyewe. Paka masizi ya kibatari kwenye tundu la kava, livike juu ya ncha, lisogeze kidogo, litoe. Mahali shaba ilipochafuka ndipo panapogusa; pitisha tupa ndogo hapo tu, mara mbili au tatu, ujaribu tena. Umbo unalolitafuta si la mraba. Ncha inabingirika ndani ya tundu kadiri kisu kinavyoshuka, kwa hiyo mbele na nyuma yake ziwe na mviringo, la sivyo itabana kisu kikiwa juu na kulegea kikiwa chini. Ijaribu katika mwendo wote wa nati. Meno nayo yafanyie hivyo hivyo ndani ya mfereji, ukisimama pale nati inapozunguka bure bila kutikisika.

Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kugusa vitu viwili vilivyolika. Mfereji uliopanuka unabaki ulivyo, jino ndilo linanenepeshwa kuufuata. Tundu la kava lililopanuka linafuatwa na ncha. Udhaifu wake ni mmoja: siku ukinunua kava jingine lenye tundu la kipimo cha kiwandani, ncha yako nene haitaingia mpaka uipunguze. Kama tundu la kava limelika vibaya upande mmoja tu, afadhali lijazwe lenyewe. Kava ni chuma kisicho cha kumimina, linakubali hata umeme. Ila livue kwenye kisu kabla ya kupigwa moto, kwa maana kisu kikipata joto hilo hakitashika makali tena.

Kuna wanaojaza nafasi kwa gundi ya chuma ya mirija miwili. Kwenye ncha siishauri. Nguvu yote ya kusukuma kisu inapita kwenye sehemu ndogo sana, na gundi inamomonyoka.

Kipuri kutoka randa iliyokufa

Randa ikidondoka kwenye sakafu ya saruji, mara nyingi kinachopasuka ni mwili wake, pale ubavuni karibu na mdomo. Kitanda, uma na nati vinabaki salama. Kwa hiyo ukiona randa iliyopasuka kwa wauza chuma chakavu, usiipite. Waulize pia mafundi wazee. Wengi wana boksi la vyuma wasivyovitumia na wasiotaka kuvitupa.

Njia hii naipa nafasi ya kwanza katika hali moja: jino la uma limekatika. Kuunga jino kwa shaba inawezekana, lakini uma mzima ni bora kuliko uma ulioungwa. Chukua uma na nati yake pamoja, kwa kuwa vimeshazoeana. Kitanda kizima usikihamishe bila kukijaribu, maana vitanda vya miaka tofauti havikai sawa kwenye kila mwili, na kitanda kisichokaa vizuri kinatetema kwenye mbao ngumu.

Pima kabla ya kulipa. Nati za Stanley za zamani zaidi zina upana wa inchi 1, na zile za kuanzia karibu mwaka 1920 ni kubwa zaidi, inchi 1¼. Randa za wakati wa Vita Kuu ya Pili zinaweza kuwa na nati ya chuma au ya mpira mgumu, kwa kuwa shaba ilikuwa inakwenda vitani. Na usidhani nati ya Record itaingia kwenye stadi ya Stanley kwa kuwa zinafanana machoni. Ijaribu kwa mkono; ikigoma, usiilazimishe.

Kuagiza kutoka nje kunawezekana, na vipuri vya Stanley vinauzwa mtandaoni kila siku. Lakini kwa kitu chenye uzito wa kijiko, gharama ya kusafirisha inaweza kuipita bei ya kipuri, na bado unaletewa kilichotumika ambacho hukukitikisa kwa mkono wako. Ningefikia huko pale tu stadi na nati zote zimekufa na fundi kereza hapatikani.

Kukereza nati na stadi mpya

Hii ni kwa ajili ya thredi tu. Kama nati inatikisika kwenye stadi au inaruka ukiibana, shaba ya kuongeza haitakusaidia. Arusha nenda kwenye karakana za Unga Limited. Katika miji yote miwili, Moshi na Arusha, unaweza pia kuulizia SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo.

Mweleze fundi kereza mambo mawili kabla hajawasha mashine. Stadi ya Stanley ina kipenyo cha inchi 9/32, kipimo ambacho tepu za kawaida za kukatia thredi za madukani hazinacho, na thredi zake ni za kushoto, yaani nati inafunguka kwa kuzungushwa kulia. Fundi asiyeambiwa anaifungua nati kwa kuzungusha kinyume, anaona ngumu, anaongeza nguvu, na kilichokuwa kimelika kidogo kinakufa moja kwa moja.

Kama mashine yake ina gia za inchi, akate thredi 24 kwa inchi, za kushoto, na nati mpya ya shaba iendane na stadi yako ya zamani kama bado ina uzima. Kama ana gia za milimita tu, stadi na nati zote zitengenezwe mpya kwa thredi ya milimita 1, ya kushoto vilevile, huku upande wa stadi unaoingia kwenye kitanda ukibaki na kipimo cha zamani. Akikushawishi akate za kulia kwa sababu ni rahisi kwake, randa itafanya kazi, ila itakuwa kinyume: kuzungusha kulia kutakirudisha kisu badala ya kukishusha. Mwenye randa moja atazoea. Mwenye randa nyingine mezani atakuwa anakosea kila siku, hivyo ng'ang'ania za kushoto.

Kwa gharama, hii ndiyo ya juu kati ya njia za hapa nyumbani, kwa kuwa unalipia shaba, muda wa mashine na umakini wa fundi. Nati ya zamani yenye thredi nzima na mfereji uliopanuka usiipeleke huko. Rudi kwenye shaba.

Kwa nini si randa mpya?

Kwa bei nafuu ya dukani utapata randa ambayo nayo ina uma wa bati na mchezo wake, na mara nyingi soli yake inahitaji kusuguliwa kwa msasa juu ya kioo kabla haijanyooka. Mwili wa randa ya zamani umeshatulia kwa miaka mingi na kisu chake kinakubali jiwe. Nunua mpya kama mwili umepasuka mdomoni, au kama unahitaji randa ya pili ya kazi za fujo.

Pini, na wenzo wa pembeni

Pini ndiyo rahisi kuliko vyote. Ikiwa imelika, kata shina la biti ya drili iliyovunjika lenye kipenyo kinachoenea bila kulazimisha. Ikiwa tundu lenyewe ndilo limekuwa yai, lichongwe upya kwa drili kubwa kidogo, kitanda na uma vikiwa vimeshikwa pamoja ili matundu yabaki kwenye mstari mmoja.

Wenzo wa pembeni, ule wa kukiegemeza kisu kushoto au kulia, ukiwa unaanguka wenyewe shida ni ribiti. Kitanda kikalie chuma kizito, kichwa cha ribiti kikiwa chini kimegusa kabisa, kisha gonga mwisho wa pili kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, mapigo mepesi mengi, ukisukuma wenzo kila baada ya mapigo machache. Ukiweza kuusogeza kwa kidole kimoja nao ukabaki pale ulipouacha, acha kugonga. Kipande chochote kisichoegemezwa kikipigwa nyundo hapo, kitanda kitapasuka, na kitanda hakichomelewi kirahisi kama uma.